Komiki za miungu wa Kigiriki: nne mezani, uanze na ipi?

Mpwa wangu ana miaka 12 na Zeus kamjulia kwenye gemu. Kwake yeye Zeus ni yule mzee wa mwisho kwenye God of War III, yule unayempiga na Kratos mpaka kidole gumba kinaota sugu, basi, hana historia nyingine. (Gemu lenyewe si la umri wake, hiyo kesi namwachia mama yake.) Sasa juzi kaja na swali, "Anko, eti baba yake Zeus alikuwa anakula watoto wake kweli?" Nikamwambia kweli, Kronos alikuwa anawameza wazima wazima wakishazaliwa tu, Zeus kapona kwa sababu mama yake alichukua jiwe akaliviringisha nguo za mtoto, mzee akalimeza hilo akijua ndo mwanae. Dogo macho yakamtoka. Akataka kitabu, ila kiwe cha picha, na kisifanane na cha shule.

Nikadhani ni kazi ya dakika tano. Wapi. Komiki za hadithi hizi ziko kibao na kila mtu anakwambia ya kwake ndo yenyewe, wakati ukizifungua unakuta zimeandikwa kwa watu tofauti kabisa. Nimebaki na nne ambazo naona ndo watu wengi hukwama katikati yake.

Olympians ya George O'Connor, vitabu 12, kila mungu na kitabu chake, cha Zeus kilitoka 2010 na cha kufungia, cha Dionysos, 2022. Halafu The Odyssey (2010) na The Iliad (2019) za Gareth Hinds, hizi nazihesabu kama kitu kimoja maana mkono ni uleule. Tatu ni Age of Bronze ya Eric Shanower, Vita vya Troy (Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, kisa mwanamke Helen) mwanzo mwisho, ilianza kutoka 1998 na huo mwisho wenyewe bado. Nne Lore Olympus ya Rachel Smythe, dada wa New Zealand, hii ilikuwa inatoka kipande kwa kipande kwenye Webtoon, jukwaa la komiki za kusoma kwenye simu, kuanzia 2018 hadi 2024. Wanaosoma Kifaransa wasiondoke, kuna ya tano nitaigusa.

Nimezipima kwa mambo matano: miungu wanaonekanaje, iko karibu kiasi gani na maandishi ya kale, michoro inasomekaje, nani asipewe, na mfuko. Hayo mambo hayana uzito sawa, la kwanza ni zito kuliko yote.

Miungu wako wapi?

Naanza na hili kwa sababu ndo linalozitenga, ukishajua unataka miungu wakae wapi kwenye hadithi nusu ya uamuzi umeshamaliza.

Kwenye Olympians miungu ndo mastaa. O'Connor kawachora kwa mtindo wa masuperhero, Watitani (miungu wa kizazi cha Kronos) wakubwa kama milima, radi inakula ukurasa mzima, watu wa kawaida ni wapita njia tu. Hata Vita vya Troy, ambavyo viko kwenye kitabu cha Ares, unaviona kutoka juu, yani ni ugomvi wa familia moja: Athena upande huu, Ares na Aphrodite upande ule, Zeus katikati anajifanya hana upande, na huko chini vijana wanakufa kwa ajili ya ugomvi wa watu wasiokufa.

Hinds yuko katikati kwa sababu Homer mwenyewe, mshairi wa kale wa Iliad na Odyssey, yuko katikati. Miungu wanashuka, wanavaa sura ya mtu, wanasema neno, wanapanda. Pale mwanzoni mwa The Odyssey Athena anafika nyumbani kwa Odysseus akiwa na sura ya mgeni wa kawaida, kijana wa nyumba hiyo, Telemachus, anamkaribisha, anamtafutia kiti na chakula kabla hata ya kumuuliza jina, na wewe msomaji unajua aliyekaa pale ni nani. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ambayo mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa maji ataielewa hiyo picha bila kufafanuliwa.

Shanower yeye kawaondoa. Hawapo kabisa. Humwoni Zeus, humwoni Apollo, hata Thetis, mama wa shujaa wa Wagiriki Achilles, ambaye kwa Homer ni mungu wa baharini, huku ni mwanamke wa nyama na damu. Mungu "akisema" kitu maana yake kuna mtu kaota, au kuhani katamka, au jeshi zima limeamini. Mwanzoni nikaona kama kaikata hadithi miguu, mpaka nilipofika kitabu cha pili, Sacrifice, pale bandari ya Aulis, meli zimekaa hakuna upepo na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anaambiwa amtoe sadaka binti yake Iphigenia. Ukisoma toleo lenye miungu unaweza kusema ah, Artemis ndo kataka. Humu hakuna wa kumsukumia. Kuna kuhani kasema, kuna maelfu ya wanajeshi wamechoka kungoja, na kuna baba ambaye akikataa cheo kinaondoka. Nilikifunga kitabu nikakaa kidogo.

Lore Olympus imewafanya majirani zako. Wana simu, wana magari, wana ofisi, wanasengenyana. Hades, mungu wa kuzimu, ni bosi tajiri mpweke mwenye rangi ya bluu, Persephone ni binti wa pinki aliyetoka kijijini kwa mama mkali kaja mjini kusoma, Hermes mwekundu, Zeus zambarau. Binadamu wao bado wanaishi enzi zao za kale huko chini. Ni tamthilia, kwa maana ileile ya tamthilia tunazofuatilia jioni, nani kamwona nani na nani wapi, na mwandishi anajua kukuachia pale pabaya ili urudi kesho.

Ipi iko karibu na ya kale?

Hapa watu hugombana bure. "Ameharibu hadithi ya asili!" Asili ipi? Chukua Persephone, binti wa Demeter mungu wa mazao. Wimbo wa kale wa Demeter unasema Hades kamchukua kwa nguvu, Zeus akijua, na Persephone akala punje ya komamanga ndo maana theluthi moja ya mwaka anakaa kuzimu. Ovid wa Roma anakuja baadaye anasema nusu kwa nusu, miezi sita sita. Au Helen, kila mtu anajua alikwenda Troy, sivyo? Euripides mwaka 412 KK kaweka jukwaani tamthilia inayosema hakwenda kabisa, alikuwa Misri muda wote, kilichokuwa Troy ni kivuli. Hao ni Wagiriki wenyewe wanageuza hadithi zao. (Na wasimulizi wote ndo wako hivyo, kwetu huku Pwani Utendi wa Tambuka wa 1728 umemchukua Herekali, kaizari wa Rumi ambaye jina lake lenyewe lilitokana na Herakles, ukamtia kwenye utenzi wa Kiswahili na mambo yakaenda.)

Kwa hiyo swali la maana ni komiki inasimama na maandishi gani. Hinds anasimama na Homer bila kuyumba, na hii inawashtua watu. Unafungua The Iliad unasubiri farasi wa mbao aliyetumika kuingia Troy, hakuna farasi. Unasubiri kisigino cha Achilles, hakuna kisigino. Iliad ni wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita, inaanza na wanaume wawili kugombania heshima na inaisha na mazishi ya Hector, shujaa wa Troy. Farasi anasimuliwa ndani ya Odyssey, kisigino kimeletwa na watu wa baadaye kabisa. Ukitaka kujua Homer kasema nini na hukioni kitabu kizima cha mashairi ukikimaliza, njia ya mkato iliyo nyoofu ni hiyo.

Olympians inachanganya vyanzo, mshairi wa kale Hesiod, nyimbo za kale, wengine wengine, ila mwandishi anakuonyesha mkono wake, kila kitabu nyuma kina maelezo ya ukurasa fulani katoa wapi na kwa nini kachagua toleo hili akaacha lile, pamoja na mti wa ukoo. Wadogo wengi watayaruka hayo maelezo, mimi nayapenda kuliko hadithi yenyewe wakati mwingine.

Age of Bronze ni mlafi. Kakusanya Homer, kakusanya tamthilia za Athens, kakusanya mpaka mapenzi ya Troilus na Cressida ambayo yalitungwa Ulaya karne za kati na Mgiriki wa kale asingeyajua. Vyote kavishona viwe kisa kimoja. Halafu juu ya hapo kaweka akiolojia, mavazi na nyumba za Wagiriki ni za zama za Mycenae (Ugiriki ya enzi za shaba), kofia zile za meno ya nguruwe mwitu, na Troy yake, ambayo magofu yake yako Hisarlik nchini Uturuki, kaipa sura ya majirani zake Wahiti. Kwa hiyo yuko mbali na Homer kwa upande mmoja na karibu na udongo kwa upande mwingine.

Lore Olympus iko mbali kuliko zote na haikufichi. Kachukua mifupa ya ule wimbo wa Demeter kavisha nyama nyingine, utekaji kaugeuza uhusiano unaoota polepole, na Apollo kamfanya mtu mbaya kabisa. Ukijibia mtihani kwa hiyo utafeli. Lakini swali inaloliuliza, kwamba huyu binti mwenyewe alitaka nini, ule wimbo wa kale haukuona haja ya kuliuliza.

Michoro

Olympians inasomeka haraka, rangi kali, viboksi vikubwa, maneno machache. Hinds anapaka rangi za maji, bahari yake kwenye The Odyssey ni nzuri sana aisee, ila kwenye The Iliad jiandae, wanaume wenye ndevu na kofia za vita ni wengi na wanakufa kabla hujamshika jina. Shanower anachora kwa kalamu nyeusi mstari mwembamba, kila unywele umekaa, kila pindo la nguo, ukiwa na haraka inachosha. Wahusika wake ni wengi kuliko hata wa Hinds, unakuwa kama uko kwenye msiba wa ukweni unanong'ona huyu ni nani yake nani, bahati nzuri nyuma kuna orodha ya majina na mti wa ukoo. Kama nyeusi na nyeupe inakukata stimu, kitabu cha kwanza, A Thousand Ships, kimetolewa pia cha rangi. Lore Olympus imechorwa kwa ajili ya kidole, unaskroli kwenda chini na ile nafasi tupu kati ya picha na picha ndo inayokupa pumzi. Kipo cha karatasi pia ila nikiri kwamba pumzi ile inapungua.

Nani asipewe

Hapa ndo pa kuwa makini maana majalada yanadanganya.

Olympians mtoto wa miaka 9 au 10 anayesoma Kiingereza vizuri anaiweza. Vurugu zipo, uzinzi wa Zeus hauwezi kufichwa, lakini mwandishi anapita kwa adabu. The Odyssey na The Iliad ningesubiri sekondari, kuna jitu la jicho moja linatafuna mabaharia na kuna mikuki inapita mahali mikuki isipotakiwa kupita. Age of Bronze ni ya wakubwa, ngono imo, uchi umo, na Achilles na Patroclus ni wapenzi bila mafumbo. Usiiweke sebuleni.

Anayewaponza wazazi ni Lore Olympus. Rangi za pipi, binti wa pinki, unasema ah hii ya watoto, kumbe mapema tu kuna tukio la kubakwa na hadithi inatumia muda mrefu kuonyesha linavyomwathiri muhusika. Limeandikwa kwa heshima, na wapo wanawake wakubwa wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, ila siyo ya darasa la sita. Binti wa miaka 16, 17 na kuendelea sawa, na bora umwambie kabla.

Kuhusu dini, najua swali lipo, dada yangu kaniuliza uso mkavu, "Hiyo miungu mtoto aisome ya nini?" Nikamwambia mbona miguuni kavaa Nike, na Nike ni mungu wao wa ushindi. Hakucheka. Tukakubaliana Olympians kwanza, na yeye aipitie. Kila nyumba na mpaka wake, kama kwenu ni hapana basi ni hapana.

Mfuko

Olympians ina faida moja kubwa, kila kitabu kinasimama chenyewe, kurasa kama 80, unanunua kimoja tu na hujakatwa katikati. Vyote 12 ni hela ya maana. Hinds ni vitabu viwili vinene, kurasa mia mbili na zaidi kila kimoja, unanunua, unasoma, umemaliza, hudaiwi na mtu. Age of Bronze ndo ya kufikiria mara mbili, mpango ulikuwa juzuu saba, vilivyopo ni vitabu vinne na cha nne ni cha 2013 (tena hicho ni nusu ya pili ya juzuu ya tatu). Unaingia ukijua utaachwa njiani kabla Troy haijaungua. Lore Olympus unaanzia kwenye simu bila kununua kitabu, ila vipande ni zaidi ya 250 na vimejaa picha, bando litaongea.

Zote nne hapa nazizungumzia kwa Kiingereza. Kwa wasomaji wa Bukavu, Goma, Bujumbura na kwingine ambako Kifaransa ndo kinachoteleza, kuna La Sagesse des mythes ya Glénat, ilianza 2016, mwenye wazo ni Luc Ferry, mwanafalsafa aliyewahi kuwa waziri wa elimu Ufaransa, na mwandishi wa hadithi ni Clotilde Bruneau. Miungu wanaonekana, michoro ni ya uhalisia, kila kisa na albamu zake za jalada gumu, na nyuma kuna kurasa za maelezo kuhusu kisa kilieleweka vipi na kina falsafa gani. Kwa mtindo iko karibu na Hinds, kwa mpangilio iko karibu na Olympians. Kijana wa sekondari inamfaa.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unamnunulia mtoto aliyemjua Zeus kwenye gemu au katuni za tivii, Olympians, na usianze na kitabu cha kwanza kwa sababu tu ni cha kwanza, muulize anampenda nani. Anayependa mapigano na mazimwi mpe Hera, jina lisikudanganye, humo ndani ni Herakles na kazi zake 12. Anayependa ujanja mpe Hermes.

Kama wewe ni mwanafunzi wa fasihi au mwalimu na kuna siku utaulizwa Homer, Hinds, na ukishindwa The Iliad usijilaumu, hamia The Odyssey kwanza, ina mtu mmoja wa kumfuata na kila kisiwa kina balaa lake. The Iliad utairudia ukiwa umeshazoea majina.

Kama unapenda historia, siasa, wanaume wanaopanga vita kwa sababu wameshindwa kusema hapana mbele ya wenzao, Age of Bronze, na umri uwe umekwenda kidogo. Asiyevumilia hadithi isiyoisha aipite tu, atakuja kumtukana mwandishi bure.

Kama unachotaka ni moyo kudunda usiku kwenye simu na hujali Hesiod alisema nini, Lore Olympus, na ukimaliza kasome kitabu cha Hades cha Olympians, ni Persephone yuleyule kutoka wimbo uleule. Hizo mbili zikikaa pamoja zinanoga kuliko kila moja peke yake, unaona hapa O'Connor kabana, pale Smythe kaachia.

Na kama hela ipo ya kitabu kimoja tu kwa nyumba yenye watoto na wakubwa, mimi ningepima kati ya Zeus ya O'Connor na The Odyssey ya Hinds kwa kuangalia mdogo kuliko wote ana miaka mingapi. Kwetu mdogo ndo huyo wa 12, tumechukua Zeus, kaisoma jioni moja, na lile jiwe kaenda kulichora nyuma ya daftari la hesabu.